Kabla ya kuchanga feza pamoja, tutafute avoka

Bukavu, Septemba 2024

Vijana wenzetu,

Kila siku wakubwa wa inchi wanatuambia tuache kungojea kazi ya leta, tujitengenezee kazi yetu wenyewe. Wanasema vile mu redio, mu misa, na siku ya kutupatia diplome. Tarehe 8 Septemba 2022 kulitoka hata sheria, ordonansi-lwa namba 22/030, ya kuinua uanzishaji wa biashara na mastartap. Katiba nayo, mu artikle 35, inasema leta inalinda haki ya kila mutu kuanzisha shuguli yake. Sawa, hatukatae. Tuko na diplome, tuko na mikono, mawazo hayatukosi. Na sababu hakuna mumoja kati yetu mwenye iko na mutaji wa kutosha, tunafanya ile yenye mutu bila feza anaweza kufanya: tunachanga.

Lakini kuko kitu hawatuambie. Kuchanga feza na wenzako ni kitendo chenye sheria inaangalia, hata kama hamukuandika neno moja. Mutu mwenye alisomea ile sheria ni avoka. Na wengi wetu hatujaingia mu biro ya avoka hata siku moja, isipokuwa siku ndugu alifungwa.

Sisi tunasema hivi: kijana mwenye anataka kuungana na wenzake mu biashara apashwa kutafuta avoka mbele ya kutoa feza, siyo kisha ugomvi. Na tunasema tena: Baro na leta wapashwa kufungua ule mulango, sababu leo uko wazi kwa mwenye feza tu.

Kukosa kusaini hakukuokoe

Wengi wanazania kama hawajasaini kitu, basi hawana kampuni, na kila mutu anaweza kuondoka siku anataka. Si vile. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Congo iko mu OHADA, na sheria za biashara zenye tunafuata ni zile zile za inchi 17 za Afrika. Sheria ya OHADA juu ya makampuni, yenye iligeuzwa mu 2014, inasema kwa ufupi hivi: watu wawili ao zaidi wakitembea kama washiriki, wanachanga, wanagawana faida na hasara, bila statuti zilizoandikwa, wako na kampuni ya matendo tu. Wanasheria wanaiita société créée de fait.

Ile kampuni haina utu mbele ya sheria. Haiwezi kuwa na mali kwa jina lake. Lakini washiriki wake wanahukumiwa kwa kanuni za SNC, na mu SNC kila mushiriki anajibu kwa madeni yote, kwa mali yake mwenyewe, bila mupaka.

Muone ginsi inakuwa. Muko wane. Mumoja anakwenda kukopa vitu vya dola 2 000 mu magazini kwa jina la shuguli yenu, kisha anapotea. Mwenye magazini akionyesha kama mulikuwa munafanya kazi pamoja kama washiriki, anaweza kukudai wewe peke yako dola 2 000 zote. Siyo 500, fungu lako. Zote. Utasema hukusaini kitu. Njo vile vile, sababu ya kukosa kusaini njo uko mu ile shida.

Kumbe mungekuwa na SARL yenye imeandikishwa, kila mumoja angepoteza ile alileta tu, si zaidi. Na SARL si ya matajiri peke yao. Kwetu Congo washiriki wa SARL wanajipangia wenyewe kiasi cha kapitali mu statuti zao. Vijana wane na mutaji mudogo wanaweza.

Mutego mwingine tunaujua vizuri mu Kivu: ONG. Kwetu kila mutu anajua mutu mwenye anajua kuandika statuti za ASBL. Basi vijana wanafungua ASBL, kisha wanafanya biashara ndani, sababu karatasi ilikuwa karibu. Lakini sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 iko wazi: ASBL haitafutie wanamemba wake faida ya mali. Siku mutagawana faida, muko inje ya sheria. Siku mwenzenu atakula sanduku, mutamushitaki kwa karatasi gani?

Chukueni mufano wetu

Sisi tuko wane. Tunataka kununua sambaza kwa wavuvi wa ziwa Kivu, kuzikausha vizuri, kuzipakia mu sashe safi na kuziuzisha mu maduka ya muji. Mumoja iko na feza, dola 600. Mwingine iko na parsele karibu na ziwa, pa kukaushia. Wa tatu alisomea mambo ya vyakula, anajua ginsi samaki inaweza kukaa bila kuharibika. Wa ine hana feza wala parsele, lakini anajua soko na iko tayari kutembea Bukavu yote kwa miguu.

Kwa urafiki tu, tulisema: tuko wane, tutagawana mara ine, imeisha. Ni neno zuri. Lakini jaribu kuliandika ku karatasi, utaona maswali yanatoka.

Ile parsele, inakuwa ya kampuni, ao kampuni inaitumikisha tu na mwenyewe anabaki nayo? Na kwa kweli si yake, ni ya baba yake. Mutu hawezi kuleta mu kampuni kitu si chake. Basi inaomba mukataba na papa, na papa asaini.

Mwenye kuleta akili yake, sheria inamutambua namna gani? OHADA inakubali mu SARL mutu alete ujuzi ao kazi yake. Lakini ule muchango hauingie mu kapitali, na kura za wenye kuleta kazi na ujuzi, zote pamoja, haziwezi kupita 25%. Wawili kati yetu wane hawana feza. Kama wanaleta kazi tu, wote wawili pamoja hawafike hata nusu ya kura. Mbele hatukujua. Ni wangapi kati yenu walijua?

Tena: mwenye kuzunguka soko kila siku, anapata mushahara ao anangojea faida ya mwisho wa mwaka? Mushahara ni malipo ya kazi, faida ni malipo ya fungu. Mukivichanganya, mwezi wa tatu mwenye kutoka jasho atachoka, na mwenye kutoa feza atasema anaibiwa. Hakuna muovu kati yao. Kunakosekana mustari mumoja tu ku karatasi.

Na mumoja akipata kazi Kinshasa na anataka kuondoka, fungu lake linanunuliwa na nani, kwa bei gani? Na akikufa? Mu SARL kampuni inaendelea na fungu linakwenda kwa warizi wake, lakini statuti zinaweza kusema warizi wapashwa kukubaliwa kwanza na washiriki wanaobaki. Kama hamukuandika, siku ya kilio mutajikuta mu kampuni moja na mujomba wa mwenzenu mwenye hamujawahi kuona.

Avoka mwenye kufaa ni yule anawauliza haya yote mbele ya kuandika. Mwenye hakuulize kitu, anawauzisha karatasi.

Milango yenye tulipiga

Wa kwanza hakuwa avoka. Alikuwa komisionere, mwenye kuzungukazunguka na mukoba wa karatasi. Alituambia dola 300, statuti ziko tayari mu komputa, kesho muko na kampuni. Tuliomba kuona. Mu zile statuti mulikuwa bado jina la muji wa inchi ingine na kapitali mu frangi za CFA.

Wa pili ni avoka wa kweli. Alitupokea dakika kumi. Tangu alijua nani kati yetu iko na feza, alimuangalia yeye peke yake. Alipendekeza mwenzetu awe na kampuni yake, na sisi watatu tuwe wafanya kazi wake. Labda kwa yule mwenye feza lilikuwa shauri zuri. Lakini sisi tulikuja wane. Tulimushukuru, tukaondoka.

Wa tatu ni stajere, avoka kijana mwenye anafanya kazi chini ya mukubwa wake. Alitukalisha saa mbili. Aliuliza maswali, akatuma tuende kujibu yale tulishindwa, turudi. Bei yake iliandikwa ku karatasi, na tuliambiwa tunaweza kulipa mara mbili. Hatujamaliza bado. Lakini sasa tunajua tunaingia mu nini.

Hatusemi maavoka wakubwa ni wabaya na wadogo ni wazuri. Tunasema kijana apashwa kujua kuchagua, sawa vile anachagua simu mu soko: anageuza, anauliza, anaenda kwa mwingine.

Mambo ya kuuliza

Kwanza, huyu ni avoka ao hapana? Ordonansi-lwa namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 njo inapanga hii kazi. Kila Baro iko na tablo, ni kusema liste ya maavoka wake, na liste ya mastajere. Muende kuuliza kama jina liko. Si haya, ni haki yenu. Mujue tena defanseri jidisiere si avoka: yeye ameandikwa karibu na tribinali na kazi yake ni kusaidia watu mbele ya tribinali ile. Na komisionere hayuko mu liste yoyote.

Pili, anafanya kazi gani kila siku? Kuko maavoka wenye kujua kesi za parsele, wengine za wafungwa. Muulize: Metre, ulishaandika statuti za SARL ngapi? Atajibu bila kukasirika kama anajua.

Tatu, ni avoka wa nani? Hii njo swali kubwa. Kama anawaandikia wote, aseme mbele ya wote, na muketi wote siku ya maongezi. Kama ni avoka wa mwenye feza, si vibaya, lakini mujue, na ninyi wengine mutafute mwenye atawasomea mbele ya kusaini.

Ine, bei. Muombe iandikwe: feza ya kazi yake ni ngapi, na feza ya karatasi za leta ni ngapi, kila moja ku mustari wake. Muombe risiti. Avoka akiomba fungu mu kampuni yenu kama malipo, mukatae. Na kukiwa ubishi juu ya malipo, mulango wa batonie, mukubwa wa Baro, uko kwa kazi hiyo.

Tano, luga. Statuti zinaandikwa mu Kifaransa. Muombe awaelezee mu Kiswahili, artikle moja moja, mpaka yule kati yenu mwenye hakusoma sana aweze kurudilia kwa maneno yake. Kama hawezi kurudilia, asisaini.

Sita, tukikosana? Statuti zinaweza kusema mutaanza na mupatanishi mbele ya kwenda ku tribinali ya biashara. OHADA iko na sheria ya upatanishi tangu 2017. Ugomvi wenye ulipangiwa njia mbele unakula feza kidogo.

Kisha kusaini, karatasi zinapita ku Guichet Unique de Création d'Entreprise, ile ilianzishwa na dekre mu 2012, kwa notere, kuandikwa mu RCCM na namba ya kodi. Pale haijafika, muulize ku grefe ya tribinali ya biashara. Hiyo njia munaweza kuitembea wenyewe. Avoka tunamulipa juu ya akili yake, si juu ya kusimama mu foleni.

Wale wenye kusema hapana

Tunajua majibu. La kwanza: kuleta avoka kati ya marafiki ni kukosa kuaminiana. Sisi tunaona kinyume. Mwenye kuandika mbele ya wenzake ile anaahidi, anawaheshimu. Mwenye kukataa kuandika, anajiachia mulango. Mama zetu hawapeleke mali mu bwato bila kuhesabu mbele ya mwenye bwato, na hakuna mwenye kusema wanamuchukia.

La pili: likelemba inatembea bila avoka. Kweli, na tunaiheshimu, sababu ilitusomesha. Lakini mu likelemba kila feza inarudi kwa mwenyewe kwa zamu yake, na haina deni kwa watu wa inje. Kampuni inakopa, inalipa kodi, inaajiri watu. Shida ikikuja, inakuja na watu wenye hawajue urafiki wenu.

La tatu njo la nguvu: hatuna feza ya avoka. Hapa hatutacheka mutu. Kijana mwenye anakula mara moja kwa siku hawezi kutoa dola 150 ju ya karatasi. Kama muko bado munajaribu, kila mutu peke yake, OHADA inakubali mutu mumoja ajitangaze kuwa entreprenant, ni kusema mutu wa shuguli ndogo, kwa kutangaza tu ku RCCM bila kufungua kampuni. Muanze vile, munauziana, munajuana, kisha muungane. Lakini siku mutaweka feza mu sanduku moja, bei ya avoka muihesabu mu mutaji, pamoja na bei ya chumvi na sashe. Ikiwa mutaji hautoshe kulipa karatasi, mutaji haujatosha bado.

Ile tunaomba

Kwa Baro. Sheria ya 1979 inaomba kila Baro iweke biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Vijana wengi hawajue kama ile biro iko. Tunaomba siku na saa ziandikwe ku mulango na zitangazwe mu redio, na siku moja kwa mwezi iwe ya vijana wenye kuanza biashara pamoja. Mastajere wanatafuta kujifunza, sisi tunatafuta kuelezewa. Kuwakutanisha hakuombe bajeti kubwa. Tunaomba tena liste ya maavoka ibandikwe pahali mutu yeyote anaweza kuisoma, kusudi wadanganyifu wakose kazi.

Kwa leta. Artikle ya kwanza ya Katiba inaita Kiswahili luga ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na inasema leta inaziendelesha. Basi itoe mifano ya statuti za SARL yenye maelezo mu hizi luga ine. Na bei ya kila karatasi ibandikwe ukutani, mbele ya dirisha ya kulipia, kusudi asituombe mutu "ya soda" juu yake. Huwezi kutuma kijana ajitengenezee kazi, kisha umufungie mlango na luga yenye hasikie na bei yenye haonyeshwe.

Kwa vyuo vyetu vyenye fakilte ya sheria. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kusomea vijana statuti zao chini ya mwalimu wao. Watajifunza na kesi za kweli, na sisi tutatoka na macho wazi.

Na kwa sisi wenyewe. Kila kikundi mu komini, Ibanda, Kadutu na Bagira, kifanye mukutano mumoja kabla ya mwisho wa mwaka juu ya hii neno. Muje na kaye moja. Kila wenye kutaka kuungana waandike mambo matano: nani analeta nini, nani anaamua nini, nani analipwa mushahara, mutu anaondoka namna gani, na mukikosana mutaenda wapi. Saa mbili zinatosha. Kama hamupatane mu zile saa mbili, mushukuru Mungu: mumeokoa feza yenu na urafiki wenu. Kama mumepatana, ile kaye njo mutapeleka kwa avoka, na atachukua saa kidogo na feza kidogo.

Tumeona vikundi vingi vya vijana vikikufa mu huu muji. Vichache vilikufa sababu ya kukosa soko. Vingi vilikufa siku faida ya kwanza ilifika na hakukuwa karatasi ya kusema ni ya nani. Ile siku inakuja kwa kila kikundi chenye kinafanya kazi vizuri. Muandike mbele ifike.